Salamu ya Mlima

Gikondo, Kigali
12 Januari 2025

Kwa Umulisa, mpwa wangu,

Pokea salamu za huku, zimeshindiliwa kama gunia la mkaa. Mimi mzima, ukiondoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako naye mzima. Duka lake la Nyamirambo ameliongezea mashine ya pili ya kushona, kwa hiyo sasa ana mafundi wawili wa kuwagombeza badala ya mmoja. Kwaya imenihamisha kutoka besi kwenda kwenye kupanga viti. Wanasema kwenye viti nina kipaji.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu. Ilyasi, yule dereva wa lori anayeshusha mizigo hapa ghalani kwetu, anasema alikuona Moshi. Hakukuona mapokezi ya hoteli, mahali ambapo mama yako anaamini umekaa na tabasamu. Alikuona ukishuka kwenye gari la wapagazi, uso umebabuka, na begi la mtu mwingine kichwani. Nikamwambia watu hufanana. Akasema, "Mzee Rwema, huyo wa kufanana aliniuliza kama mjomba wake bado anaimba."

Ningepiga simu, lakini ulishasema kwamba kwenye simu ninafoka, kwenye barua ninasikiliza. Tena ni mimi niliyekuzoesha tangu ulipokuwa bweni: kila mwezi barua moja ya Kiswahili safi, nami nakurudishia ikiwa na wino mwekundu. Basi niandikie. Ilyasi hupita Moshi akienda na akitoka Mombasa. Mama yako sijamwambia neno, na kalamu nyekundu nimeiweka kando.

Mjomba wako,
Rwema


Moshi
27 Januari 2025

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Mwambie Mama nimepata vile vitambaa, ila asitume tena vya maua makubwa, huku vinanifanya nionekane pazia. Chumba ninachopanga kina dirisha na mwenye nyumba mwenye huruma, mimi sidai zaidi.

Ilyasi hakukosea. Hotelini nilikaa siku tisa. Kila asubuhi nikifungua pazia la mapokezi, Kilimanjaro ulikuwa pale, umekaa kama mgeni aliyefika mapema anayesubiri mtu aamke. Siku ya kumi nikaenda kwa wapagazi. Mpaka sasa nimepanda mara sita hadi Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Nabeba kilo ishirini. Nina furaha ambayo sijui niiandikeje, wala usiirudishe na wino mwekundu.

Usinigombeze, maana aliyeanza ni wewe. Nilikuwa na miaka sita. Mvua ilikuwa imekatika, ukanibeba mabegani hadi juu ya Mlima Kigali, kule Nyamirambo inakoishia, ukaniambia nitazame kaskazini. Ile milima ya volkano ilikuwa imejipanga, buluu, kana kwamba imechorwa asubuhi hiyo hiyo. Nikakuuliza ule mrefu unaitwaje. Ukasema Karisimbi. Nikauliza, "Mjomba, ulifika juu?" Ukasema ndiyo.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa. Nilipanda kochi la Mama na sufuria kichwani, chini ya ile picha yako ya sebuleni umeshika fimbo katikati ya ukungu. Nilipanda ukuta wa kanisa. Nikiwa bweni nilipanda kila kilima kilichokuwa na njia, na vingine visivyokuwa nayo. Wenzangu walibandika wanamuziki juu ya vitanda vyao, mimi nilibandika ramani.

Na lile neno lako ninalo mpaka leo: "Kichwa kikiuma, ni mlima unakusalimu. Itikia, uendelee." Linanisaidia, Mjomba. Safari ya pili, juu ya kambi ya Horombo, kichwa kilitaka kupasuka. Nikatapika mara mbili nyuma ya jiwe. Wengine wakiumwa wanamwambia Vitalis, mkuu wa waongozaji wetu, naye anawashusha, na ukishushwa mara mbili hakuna anayekuita kazini. Mimi nilijisemea marahaba, marahaba, kila hatua marahaba moja. Ikapita.

Usimwambie Mama.

Umulisa


Gikondo
9 Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Barua imefika. Nimeisoma ghalani, nikaisoma nyumbani, nikaisoma tena leo baada ya ibada wakati wenzangu wakila sambusa. Hujambo, lakini? Sisi hatujambo. Xavérine wa kwaya, yule wa sauti ya kwanza, ameposwa hatimaye. Mama yako anashona nguo za wasimamizi wote na anasema hakuna hata mmoja mwenye mabega sawa. Huku joto limezidi. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa.

Nimefurahi kwamba dirisha unalo.

Je, hao mabosi wenu wana mitungi ya hewa? Iko mingapi? Nani anaishika? Soksi unavaa mbili mbili? Nauliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Kuhusu lile neno la kichwa. Ni neno la zamani. Maneno ya zamani ni kama vidonge vya zamani, si vibaya mtu akaangalia tarehe kwanza. Ukiumwa tena, labda ungemtajia huyo Vitalis. Sisemi lazima. Nasema labda.

Usingizi wangu siku hizi si mzuri. Itakuwa ni huyo jogoo.

Mjomba Rwema


Moshi
19 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka peke yangu hadi mwenye nyumba akaja kuniangalia. Yaani mpanda Karisimbi mzima ananiuliza soksi. Umezeeka, Mjomba. Pole ya jogoo. Mpe Xavérine hongera, mwambie asikubali kupangiwa viti na wewe, utaimba.

Nina habari. Vitalis amenipa mtihani. Tarehe nane Machi naingia geti la Marangu, safari hii si kwa mzigo: nitakuwa mwongozaji msaidizi, nami nitafika kileleni kwa mara ya kwanza. Kundi ni walimu watatu wa Kisumu. Mmoja, Careen, tumeshaongea kwa simu mara nne. Ana miaka arobaini na mitano, amefanya mazoezi mwaka mzima kwa kupanda ngazi za shule yake, na anacheka kama wewe, yaani kabla mzaha haujaisha. Nikifaulu, mzigo basi.

Usiogope. Neno lako nimewafundisha wenzangu, sasa wanaliita salamu ya Mnyarwanda. Mtu akishika kichwa, mwingine anamwambia, "Itikia, bwana, umesalimiwa." Wanacheka, wanaendelea. Naona hata walimu nitawafundisha.

Umulisa wako


Gikondo
1 Machi 2025

Umulisa, mwanangu,

Mama yako hajambo. Goti halijambo. Jogoo kachinjwa. Habari za familia zimekwisha, na leo sina pengine pa kujificha.

Juzi nilikupigia simu. Unakumbuka nilikuuliza hali ya hewa, ukasema mawingu, nikasema hata huku, tukaagana. Nilikuwa nimesimama dakika ishirini nyuma ya ghala nikijifunza la kusema, kama mvulana wa kwenda kuposa. Sauti yako ikaja na furaha yake, nikauliza mawingu.

Sikufika juu ya Karisimbi.

Nimeandika. Sasa soma yaliyobaki polepole.

Ilikuwa mwaka 2006. Kwaya yetu ilifanya ziara, na mtu mmoja mwenye akili nyingi akasema tukamwimbie Mungu karibu naye. Tulikwenda kumi na wawili, na mwongozaji wa huko, mzee mmoja wa maneno machache. Siku ya kwanza tulifika mahali pa kulala, chini ya kilele. Pale kichwa kikanianza, nikaona viazi viwili mahali penye kimoja. Armel, rafiki yangu wa besi, aliniambia nijikaze, bado kidogo. Yule mzee akanitazama machoni, akaniuliza nimezaliwa siku gani. Nikakosea. Akanyanyua mfuko wangu mwenyewe, akauelekeza bondeni, akasema: "Kichwa kikiuma hapa, ni mlima unakuaga. Na mtu akiagwa huondoka."

Hayo ndiyo maneno. Kunipindua mimi kulihitaji mlima, kuyapindua maneno kulihitaji mdomo tu.

Nilishushwa nikilia. Wenzangu walifika, wakaimba, wakarudi na hadithi. Ile picha ya sebuleni alinipiga dereva wa basi letu, kwenye maegesho, wakati ukungu umeshuka. Ukiitazama vizuri, kona ya kushoto, kile ninachosema ni mwamba ni tairi.

Halafu mwaka uliofuata nikakubeba mabegani. Ulikuwa na miguu myembamba imeshika shingo yangu, ukauliza kama nilifika. Mtoto hakuwa na baba wa kumuuliza, akaniuliza mimi. Ningesemaje hapana? Nikasema ndiyo, na ndiyo ikihitaji ushahidi, nikalichukua neno la yule mzee nikaligeuza nje ndani kama soksi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mbali kuliko miguu yangu.

Kichwa kikiuma, shuka. Akiumwa mwalimu, mshushe. Umwambie Vitalis hata kama mtihani utapotea. Kuniita mjomba mara mia hakutabadilisha lililo ndani ya kichwa cha mtu kule juu, ila kushuka tu.

Ilyasi anaondoka kesho, kwa kawaida siku nne yuko Moshi. Barua hii itakuwa mkononi mwako kabla ya tarehe nane. Nami nitapiga tena simu tarehe tano, safari hii bila mawingu.

Rwema


Moshi
13 Machi 2025

Mjomba,

Sikusalimu. Utajua kwa nini.

Mabosi waliona mvua inakuja, wakatupandisha tarehe tano badala ya nane. Tarehe saba, saa tisa alasiri, tulifika Kibo. Careen akanivuta pembeni, akasema kichwa kinampasuka, nisimwambie Vitalis, ameshawaahidi wanafunzi wake picha ya kileleni. Nikamwambia neno lako. Akacheka. Akasema, "Marahaba basi, mlima," akaenda kujilaza.

Saa kumi na moja nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi kitandani anajaribu kuvaa glavu mguuni. Aliivuta kwa bidii, kama mtu anayechelewa kazini. Aliniita Pretty, jina la mwalimu mwenzake. Mimi si Pretty. Nilipomsimamisha, miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Vitalis alimwekea hewa, tukamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, tukakimbia naye kushuka, watu sita, tunabadilishana. Kichwa chake kilikuwa kinagonga huku na huku na mimi nilikuwa nimekishika. Daktari anasema ubongo ulikuwa umevimba, na saa mbili zaidi zingetosha. Leo ni siku ya sita hospitalini. Jana alimtambua mume wake. Leo hakumtambua.

Vitalis aliniuliza ni nani alinifundisha kumwambia mgonjwa aendelee. Nikasema, mjomba wangu, aliyefika juu ya Karisimbi. Akasema, "Mtu aliyefika hasemi hivyo."

Nakuuliza swali moja. Ulifika?

Umulisa


Gikondo
20 Machi 2025

Umulisa,

Hapana.

Barua yenye maelezo yote iko kwenye lori la Ilyasi. Gia boksi lilimfia kabla ya Singida, na yeye, mtu mwaminifu, hakumpa mwingine barua yangu kwa sababu niliiandika juu "mkononi kwa mwenyewe". Hata uaminifu wa watu unanilipa ninachostahili.

Tarehe tano nilipiga. Haipatikani. Nikatuma ujumbe kumi na mmoja wa "nipigie" tu, kila mmoja ukapata tiki moja na kubaki nayo. Siku nne nilitazama zile tiki. Ghalani nilipokea maboksi ya sabuni nikayaandika misumari. Nilijiambia hana mtandao tu. Halafu nilijiambia yuko kwenye theluji. Nilikuona umekaa mahali, umechoka, unajibu marahaba kwa upole, unamwitikia mtu anayekuua, kwa sababu nilikufundisha adabu.

Zilipogeuka kuwa mbili nilikaa chini kwenye sakafu ya ghala. Hukujibu, nikajua kuna jambo, lakini ulikuwa hai. Nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba wakati huo nilikuwa namshukuru mbele ya kitanda cha mtu mwingine.

Namwombea Careen. Kama mume wake anataka jina langu, mpe, na anwani.

Rwema


Moshi
6 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba,

Naona aibu kuiandika hiyo salamu, lakini nimejaribu kuanza bila hiyo mara tatu na kalamu ikagoma.

Ilyasi alinifikishia barua tarehe ishirini na nne, imelowa mafuta ya gia. Ya pili ilikuja na basi. Nilizisoma pamoja.

Careen alirudi Kisumu Jumamosi. Anamtambua kila mtu sasa. Mkono wa kushoto unatetemeka, na daktari hasemi kama utaacha. Nilimwambia yote, pamoja na ile picha. Aliuliza, "Tairi la basi?" Nikasema la basi. Alicheka kabla sijamaliza, halafu akalia, halafu akaniomba nimshikie kikombe.

Kuna jambo nami sikukuandikia. Ile safari ya pili, haikupita. Nilisema marahaba mpaka nikaanguka, na nilipozinduka nilikuwa mgongoni kwa mpagazi mwenzangu, anashuka nami. Nilikuficha kwa sababu wewe ulifika bila kubebwa. Niliionea aibu ile picha, Mjomba. Nilijua neno lako halifai nikiwa bado ninawafundisha watu. Kwa hiyo usijitwishe mzigo wote, mimi ndiye mpagazi.

Sijakusamehe lote. Nakupa nusu, nyingine inanihusu.

Vitalis hakunifukuza. Mtihani mwingine ni tarehe kumi na nne Juni. Ametoa sharti moja: pale getini, kabla ya mtu kupiga hatua, nisimame mbele ya kundi niwaambie kisa cha mjomba wangu aliyerudi. Si wa kufika. Aliyerudi. Pamoja na maneno ya yule mzee kama alivyoyasema. Nakuomba ruhusa ya tairi.

Na Mama lazima ajue. Mwambie wewe. Hiyo ndiyo adhabu.

Umulisa


Gikondo
7 Juni 2025

Mpwa wangu,

Salamu, na nyingine juu yake, na upokee. Xavérine ameolewa, viti vilipangwa kwa mstari ambao watu waliusifu. Goti linasema kiangazi kimeingia.

Ruhusa ya tairi unayo.

Mama yako nilimwambia dukani, mbele ya mafundi wake wawili, nikidhani ataona haya kunipiga. Hakupaza sauti. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akasema, "Rwema, mimi ndiye niliyefua nguo zako ulipotoka huko. Mtu aliyefika juu harudi na soksi za siku ya pili zingali nyeupe." Miaka kumi na tisa, Umulisa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mtoto alikuwa anakutazama."

Kuhusu wewe kuwa mlimani, hapo siku mbili alishona hadi usiku wa manane, na ningependa zaidi angenipiga. Siku ya tatu, kabla ya duka kufunguliwa, aliniamuru nimpeleke juu ya Mlima Kigali. Nilipumzika mara nne, yeye hakupumzika hata mara moja. Tulitazama kaskazini. Mawingu matupu. Akauliza, "Anakokwenda ni parefu kama hapo?" Nikasema hapo ni pafupi. Nimeanza kusema kweli na sasa sijui breki iko wapi. Akanishika mkono wa shati, na hakuuachia mpaka tulipofika chini.

Wiki ijayo unapanda. Sitakuambia siogopi. Naogopa nikila, naogopa nikipokea mizigo, jana niliogopa nikiwa kwa kinyozi, akaniuliza kama wembe umenikata. Tiki moja nitaitazama tena, na mama yako safari hii ataitazama pamoja nami, simu itakuwa katikati yetu juu ya meza ya kushonea.

Ile picha nimeishusha. Msumari umebaki, na ukutani pana mraba mweupe ambao mama yako anasema niupake rangi. Sitaupaka. Ukifika kileleni, niandikie, nitafurahi na kwaya nzima itachoka na mimi. Lakini ukirudia njiani, niandikie upesi zaidi, hata mstari mmoja, utaje ni wapi uligeuka. Hiyo ndiyo nitakayoitundika.

Mjomba wako aliyerudi,
Rwema